Yuleyule, au Anayefanana Naye Tu?

Programu yangu ya kwanza ya Java ilinikana. Ilikuwa muhula wa kwanza chuoni, hapa hapa kaunti ya Nakuru, wasee wengi tumebanana kwenye maabara yenye kompyuta chache. Kazi yenyewe ilikuwa ndogo: programu imuulize mtu jina, na kama ni jina inalolijua, imkaribishe. Nikaweka la kwangu.

if (jina == "Njoroge") {
    System.out.println("Karibu nyumbani");
} else {
    System.out.println("Hatukujui");
}

Nikaiwasha, nikachapa Njoroge, herufi saba. Ikajibu: Hatukujui. Nikachapa tena polepole, kidole kimoja kimoja, kama karani wa zamani na taipureta. Hatukujui. Dada aliyekaa kando yangu akachungulia akacheka. "Hiyo alama ya sawa mara mbili haifanyi na majina. Andika jina.equals." Nikaandika hivi:

if (jina.equals("Njoroge"))

Karibu nyumbani. Nikamuuliza kwa nini ile ya kwanza ilikataa. Akainua mabega. "Manze sijui, lakini hivi ndivyo inafanya."

Niliacha chuo kabla ya kumaliza mwaka wa pili, na nitakuambia jinsi ilivyokuwa. Java nyingi nimeisahau. Hilo swali la kwa nini ndilo lilikataa kunitoka, na nilipoanza kulifuata lilinipeleka mbali na kompyuta, hadi mashamba ya Njoro ya wakati wa mkoloni na kopo la biskuti la cucu wangu.

Tuanze na kosa lenyewe, kwa sababu kila anayejifunza Java hulifanya. Kiswahili kina maneno mawili ambayo mtu akiwa na haraka huyachanganya: "ileile" na "sawa na ile". Fikiria umesahau simu kwenye matatu ya Njoro. Unarudi stejini mbio, unapata matatu ya rangi ileile, michoro ileile, ngoma ileile inapigwa. Inafanana kabisa. Lakini kama si gari ulilopanda wewe, simu yako haimo. Siku nyingine unataka tu kufika Njoro, na matatu yoyote inayoandikwa Njoro itakufaa. Siku ya kwanza unatafuta gari lenyewe. Siku ya pili unasoma maandishi.

Kwenye Java, maandishi huitwa stringi, yaani herufi zilizofungwa pamoja kuwa kitu kimoja. Ukisema jina ni "Njoroge", kile kinachoitwa jina hakibebi zile herufi saba. Kinabeba anwani, mahali herufi zilipowekwa ndani ya kumbukumbu ya kompyuta. Ni kama karatasi yenye nambari ya nyumba, haina nyumba yenyewe. Alama == huchukua karatasi mbili na kuuliza kama nambari ni moja. Haipigi hodi. Ile equals ndiyo huenda hadi ndani ya nyumba zote mbili na kulinganisha herufi kwa herufi. Njoroge niliyochapa mimi ilijengewa nyumba mpya nilipobonyeza kibonye, na Njoroge iliyokuwa kwenye programu ilikuwa na yake tangu awali. Herufi zilezile, nyumba mbili. Kwa ==, sisi tulikuwa wageni.

Sasa, kinachowachanganya watu zaidi ni kwamba kuna wakati == inafanya kazi. Ukiandika hivi ndani ya programu:

String a = "Nakuru";
String b = "Nakuru";

ukauliza kama a == b, Java itakujibu ndiyo. Ili kuokoa nafasi, Java huweka ghala moja la stringi zilizoandikwa moja kwa moja kwenye programu. Ikikutana na "Nakuru" mara ya pili haijengi nyumba nyingine, inakupa anwani ya ile ya kwanza. Kwa hiyo unajaribu programu yako usiku ukiwa peke yako, inakubali, unalala ukiwa na furaha. Asubuhi mtu anakaa kwenye kibodi, anachapa Nakuru kwa mkono wake, na anaambiwa hatukujui. Kosa hilo hujificha hadi mtu halisi afike.

Hili si jambo ambalo Java ilizua. Mwaka 1960 John McCarthy, mwanzilishi wa lugha ya Lisp, alitenganisha maswali hayo mawili kwa maneno mawili, eq na equal. Ukija kwenye lugha ya C, ukilinganisha maandishi mawili kwa == unalinganisha anwani, kwa hiyo watu huita kazi ya strcmp ipitie herufi moja moja. James Gosling na wenzake wa Sun Microsystems walipoitoa Java mwaka 1995 walifuata njia hiyo: kwa nambari za kawaida == hulinganisha thamani, kwa vitu kama stringi hulinganisha anwani. JavaScript, iliyotoka mwaka huohuo, ilifanya kinyume; huko == inasoma maandishi ya stringi. Python pia. Ndiyo maana msee aliyejifunza Python kwenye simu akiingia darasa la Java anajikwaa siku ya kwanza.

Kwa hiyo ukiandika Java: majina yalinganishe kwa equals. Somo la darasani linaishia hapo. Langu liliendelea nyumbani kwa cucu.

Cucu ana kopo la biskuti ambalo halina biskuti. Ndani kuna risiti za shamba, kadi za kliniki, na karatasi ngumu iliyokunjwa hadi mikunjo ikawa mashimo. Ni kipande cha guka. Mpaka leo cucu akitaka nimletee kitambulisho chake husema "leta kipande", na nilikuwa nadhani ni kizee tu. Kumbe ni historia.

Reli ilifika Nakuru mwaka 1900. Mwaka 1904 Wamaasai waliandikishiwa mkataba uliowatoa sehemu hizi za Bonde la Ufa wakapelekwa Laikipia, na ardhi ikagawiwa masetla. Lord Delamere akajichukulia Njoro. Mashamba makubwa yalitaka mikono, na mikono ikaja: Wagikuyu, Wakalenjin, Waluo, Waluhya, wengi wao skwota walioruhusiwa kulima kijishamba kwa masharti ya kumfanyia setla kazi. Sheria ya mwaka 1918 iliweka siku 180 kwa mwaka. Lakini mtu aliweza kuchoka na bwana mmoja, akaondoka usiku, akaandikwa shamba lingine kwa jina lingine. Setla wa Molo angejuaje kuwa huyu anayejiita Kamau ni yule aliyetoroka Subukia akiitwa Mwangi?

Ni swali langu la maabara. Setla alikuwa na maandishi, na maandishi hayakumtosha. Alitaka kujua kama ni yuleyule.

Jibu la serikali lilikuwa kipande. Sheria yake ilipitishwa mwaka 1915, vita vikaichelewesha, ikaanza kutekelezwa miaka ya 1919 na 1920. Kila mwanamume Mwafrika kuanzia miaka 16 alitakiwa kubeba karatasi yenye jina, kabila, nambari, alama za vidole, na orodha ya waajiri wake: ameanza lini, analipwa ngapi, na sahihi ya kumruhusu aondoke. Ilikaa ndani ya kikasha cha chuma kilichoning'inizwa shingoni. Kuna walioiita mbugi, ile kengele ya mbuzi. Wazungu na Wahindi hawakubeba.

Alama za vidole ndizo zilikuwa moyo wa kitu chenyewe. Mfumo wa kuzipanga ulitengenezwa Bengal miaka ya 1890 chini ya afisa wa polisi Edward Henry, na kazi ngumu ya kuupanga ikifanywa na Wahindi wawili, Azizul Haque na Hem Chandra Bose. Scotland Yard iliuchukua mwaka 1901. Huku kwetu ulitumika kumfuata mfanyakazi wa shamba. Jina ungeweza kubadilisha, kidole hapana. Kipande kilikuwa == ya mkoloni: kiliuliza mwili, hakikujali unajiitaje.

Harry Thuku aliposimama mwaka 1921 kupinga mambo ya kodi, mishahara na ardhi, kipande kilikuwa kwenye orodha. Alikamatwa Machi 1922, na watu waliokusanyika Nairobi kudai aachiliwe walipigwa risasi. Kipande kiliendelea. Mwaka 1947 ilipitishwa sheria mpya iliyotaka watu wa rangi zote waandikishwe, na hapo masetla wakapiga kelele. Wao watiwe wino vidoleni kama wahalifu? Mwishowe wakapewa njia ya picha na sahihi. Mwafrika alithibitishwa kwa mwili wake, Mzungu kwa mwandiko wake. Kila mtu alijua ni lipi kati ya maswali mawili lina heshima.

Kwenye kipande cha guka, jina limeandikwa "Joroge". Karani alisikia hivyo, au hakujali kusikia. Ile N mbele imemezwa. Guka hakujua kusoma wakati huo, kwa hiyo aliibeba Joroge shingoni miaka yote hiyo bila kujua. Baba alipochukua kitambulisho chake, jina la familia likaandikwa Njoroge. Nilipozaliwa mimi, cheti cha kuzaliwa kikaandika Njorogi. Vizazi vitatu, jina moja, stringi tatu.

Joroge, Njoroge, Njorogi. Kwa equals hakuna jozi inayolingana. Java ina equalsIgnoreCase ya kusamehe herufi kubwa na ndogo, na trim ya kuondoa nafasi tupu mwanzo na mwisho. Hakuna ya kusamehe karani. Marekani walijaribu: mwaka 1918 Robert Russell alipata hataza ya njia iliyokuja kuitwa Soundex, inayogeuza jina kuwa herufi moja na tarakimu tatu kufuatana na sauti. Nimelipiga hesabu la kwetu. Njoroge na Njorogi zote zinatoa N262, zinapatana. Joroge inatoa J620. Hata hapo guka amebaki nje ya lango.

Ukitembea Bonde la Ufa utaona hata nchi yenyewe ina tatizo hili. Ziwa Bogoria kwenye ramani za wakoloni liliitwa Hannington, jina la askofu James Hannington aliyepita huko mwaka 1885 na kuuawa Busoga mwaka huohuo. Maandishi mawili yasiyoshiriki hata mwanzo, ziwa ni lilelile. Nyahururu ilikuwa Thomson's Falls. Ziwa la Gilgil utaliona Elementaita, utaliona Elmenteita. UNESCO ilipoyaingiza maziwa ya Bonde la Ufa kwenye urithi wa dunia mwaka 2011 ilichagua ya kwanza, na vibao vya barabarani havikuulizwa. Nakuru na Naivasha zenyewe ni maneno ya Kimaa yaliyopita midomo ya wageni. Wenye maneno waliondolewa, anwani zikabaki.

Kuna na upande wa pili, maandishi mamoja na mahali pawili. Watu waliohama kutoka Kiambu walibeba majina ya kwao. Ndiyo sababu kuna Kiambaa ya Kiambu na Kiambaa karibu na Eldoret. Ukisikia "Kiambaa" lazima uulize ipi, kwa sababu moja ni mtaa wa watu kwenda kazini Nairobi, na nyingine ni pale kanisa lilipochomwa likiwa na watu ndani tarehe 1 Januari 2008.

Na hapo ndipo nilielewa jambo la tatu kuhusu equals. Kwa stringi, Java imeshaamua maana yake: herufi zote, kwa mpangilio. Lakini ukiunda aina yako mwenyewe ya kitu, tuseme Raia, ni wewe mwandishi unayeamua raia wawili ni "sawa" lini. Unaweza kusema wakiwa na nambari moja ya kitambulisho. Unaweza kusema wakiwa na jina moja na tarehe moja ya kuzaliwa. Usipoandika lolote, Java inarudia == yake. Usawa hauanguki kutoka mbinguni. Kuna mtu amekaa mahali akachagua ni vipengele gani vihesabiwe na vipi viachwe.

Mkoloni alichagua kidole, kabila na mwajiri. Januari 2008, vijana wenye mapanga kwenye barabara zetu walichagua kipengele kimoja tu. Nilikuwa mtoto, lakini kila aliyekuwa Nakuru anakumbuka: gari linasimamishwa, mnaambiwa toeni vitambulisho, na jina la mwisho linasomwa kwa sauti. Mtu mzima, na kazi yake, watoto wake, deni lake la duka, anapunguzwa hadi herufi chache, na herufi zinalinganishwa na orodha iliyo kichwani mwa mtu. Kila upande ulikuwa na barabara yake na orodha yake. Zaidi ya watu 1,100 walikufa nchini miezi hiyo, na uwanja wa maonyesho wa Nakuru ukajaa mahema ya waliofukuzwa. Wapo waliopona kwa sababu mke ana jina la kabila lingine, au kwa sababu walisahau kitambulisho nyumbani.

Nikilinganisha na hayo, yaliyonipata mimi ni madogo. Niliomba pesa za karo. Mfumo wa ofisi moja ukalinganisha cheti changu cha kuzaliwa na kitambulisho, ukakuta i pale panapotakiwa e, ukanitupa nje. "Jina halilingani." Nikaambiwa nilete hati ya kiapo. Nikaenda mbele ya wakili, nikalipa, nikaapa kuwa Njorogi na Njoroge ni mtu mmoja, na mtu huyo ni mimi niliyesimama hapo. Fikiria hilo kidogo: mtu mzima anaapa kwamba yeye ni yeye. Karatasi ilizunguka meza kwa meza, muhula ukafungwa, na mwingine ukaanza bila mimi. Sitadanganya kwamba ni herufi moja iliyonitoa chuoni; kulikuwa na uvivu wangu, na kazi ya saiba iliyokuwa inalipa. Lakini herufi ilisaidia.

Nilichokuja kuona baadaye ni kwamba mfumo ule haukuwa mjinga. Ulifanya nilichofanya mimi maabara, ila kwa kugeuza. Mimi niliuliza "ni yuleyule?" mahali nilipotakiwa kulinganisha herufi. Ofisi ililinganisha herufi mahali ilipotakiwa kuuliza "ni yuleyule?" Tofauti ni kwamba mimi nilirekebisha kosa langu kwa sekunde kumi, na gharama ya kosa lao nililipa mimi.

Serikali imejaribu kulitatua kwa kutafuta anwani moja kwa kila mtu. Mwaka 2019 tulipanga foleni za Huduma Namba, vidole tena kwenye kioo. Watetezi wa haki, wakiwemo Nubian Rights Forum, walienda kortini, na Januari 2020 Mahakama Kuu ikasema mpango hauwezi kuendelea bila sheria za kutosha za kuulinda, na kwamba kukusanya vinasaba na mahali mtu anapoishi kwa GPS hakukubaliki. Wanubi walikuwa na sababu ya kuogopa: nambari moja inamfaa aliye nayo, na aliyenyimwa karatasi za mwanzo anafutika kabisa. Java ina neno kwa huyo. Ni null, anwani isiyoelekeza popote. Ukiiambia null ijilinganishe na jina fulani, haikujibu hapana. Programu nzima inaanguka.

Cucu alikuwa null kwa muda mrefu. Kipande kilikuwa cha wanaume, na sheria ya vitambulisho iliwaingiza wanawake mwaka 1978. Kabla ya hapo alikuwa amelima, amezaa, amezika, na hakuna rejista ya serikali iliyohitaji kujua yeye ni nani. Nilimuuliza kama ilimuuma. Akasema kile chuma cha guka kilikuwa kinampiga kifuani akiinama kulima, kwa hiyo yeye hakukionea wivu.

Kwetu, kifungua mimba wa kiume hupewa jina la babake baba. Ndiyo sababu mimi ni Njoroge, na binamu zangu wawili pia ni Njoroge, na kwenye harusi za familia ukiita jina hilo tunageuka watatu. Kwa Java ni lile ghala: jina limejengwa mara moja, na wote tunaelekezwa pale pale.

Jumamosi nilipeleka kopo nyumbani baada ya kupiga picha kile kipande. Cucu alikuwa mlangoni akichagua maharagwe. Wanawake wa rika lake humwita mjukuu aliyepewa jina la mume wao kama wanavyomwita mume mwenyewe. Hakuniomba cheti wala kidole. "Mzee wangu umefika," akasema. "Keti, chai iko."